Usiweke Kopo Motoni

Shakira hajawahi kuunguza hata uji. Hilo alikuwa akilisema mwenyewe, mara nyingi bila kuulizwa. Baba yake alipikia jeshi, kikosi kizima kikala kikashiba, sasa binti yake atashindwa na jiko gani?

Kwa hiyo makopo ya Pasca yalipoingia soko la Koboko, Shakira ndiye aliyecheka kuliko wote. Pasca alikuwa amesoma kwa masista kule Ediofe, akarudi na mashine ya kusagia na maneno mengi. Aliuza odi, lile rojo la karanga na simsim ambalo kila mama wa Koboko husaga nyumbani. Tofauti ni kwamba odi yake ilikaa ndani ya kopo la plastiki, na juu ya kopo palibandikwa karatasi: ONYO, NDANI IKO KARANGA.

"Ndani ya odi iko karanga," Shakira alimwambia jirani yake Rashida. "Na ndani ya maji iko maji. Kumbe mtu lazima afike Ediofe ndiyo ajue hii."

Kisha maonyo yakaanza kuzaana. USIWEKE KOPO MOTONI. Halafu: FUNGUA KWA MKONO, SI KWA PANGA. Watu walipouliza, Pasca alieleza kwamba kwenye mafunzo kule Arua waliambiwa hivi: mteja akipata ajali, usibishane naye, andika onyo ili mwingine apone. Jina la mteja hakulitaja kamwe.

Shakira alimtafutia majina huyo mteja. Alisema ni mbuzi. Alisema ni bwana harusi aliyeachiwa jiko siku moja. Akawaigiza sokoni mtu anavyoshika panga kufungua kopo, akitumia mkono wa kulia tu, maana wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa. Muhogo ulikuwa mgumu kumenya, alisema. Wanawake walicheka mpaka wakatua mizigo yao chini.

Mmoja tu hakumchekesha Shakira: Siraji.

Siraji, mume wake, alitengeneza pikipiki ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na meza ya Pasca. Siku hizi alivuka barabara hiyo hata kama hakuna cha kununua. Aliinama juu ya meza, akasema kitu kwa sauti ya chini, na Pasca akacheka huku amejiziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Jioni Siraji alirudi nyumbani na kopo kwapani, mchangamfu kama mtu aliyetoka harusini.

Shakira alimwambia Rashida kwamba odi ya mwanamke yule haijaingia kinywani mwake, makopo yote huwamwagia kuku. Rashida akawatazama kuku. Walikuwa wamekonda kama kawaida yao.

Kopo angelivumilia. Kilichomchoma ni kile kicheko. Kabla ya Pasca, vichekesho vya Siraji vilikuwa vyake. Mwanaume huyu alimwoa kwa kumchekesha. Sasa alikuja kitandani shati likinuka karanga za kukaanga, na akiulizwa wanaongea nini kule, anajibu kwamba ni mambo ya makopo tu, kisha anageukia ukutani mabega yakimtikisika. Alikuwa anacheka. Peke yake, gizani, kwa ajili ya mwanamke mwingine.

Shakira akafunga nguo zake na za watoto kwenye begi. Akampigia kaka yake wa Kuluva amtarajie. Kilichobaki ni shahidi, kwa sababu wazee wa pande zote mbili wangemsikiliza mpaka mwisho, kisha wangeuliza: na nani mwingine aliona?

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, alimvuta Rashida nyuma ya magunia ya muhogo mkavu ya mzee Soro, jirani wa Pasca pale sokoni. Akamwagiza ashike kila neno, maana ataulizwa. Rashida alilalamika kwamba magoti yanamuuma. Shakira akamwambia hata ndoa inauma, na yeye ameivumilia.

Siraji akaja. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, kama mwizi wa kuku. Kisha akainama juu ya meza. Pasca alikuwa ameshashika ncha ya kitenge.

"Iko nini tena?" Pasca aliuliza.

Shakira akauminya mkono wa Rashida. "Umesikia? Tena," alinong'ona.

"Dada, ongeza ingine," Siraji alisema. "Andika: usichuje na neti ya mbu."

Pasca akajiziba mdomo.

"Usicheke. Jana amechuja kopo mzima, anatafuta unatia nini ndani. Mara ile aliweka kopo kwa moto, nikanyamaza. Alijikata na panga, nikanyamaza. Sasa neti imetoboka, na mbu imetukula sisi wote mpaka asubuhi." Akafuta uso kwa kiganja, na yeye kicheko kilikuwa kinamshinda. "Lakini jina lake usitaje, dada. Yeye ni mtoto ya mpishi. Akijua watu wanajua, atanikimbia, na mimi bila huyu mwanamke sina nyumba."

Nyuma ya magunia, mkono wa Rashida ulijichomoa taratibu. Akainuka, akijikung'uta unga wa muhogo.

"Shemeji, punguza sauti," alisema. "Mwenyewe iko hapa chini."