Zimwi Lapewa Jina

Kombora, mtafsiri wa filamu kwenye kibanda cha video, alimchukia bure tu Mbwera, muuza mkaa aliyeungua uso. Basi ilipoingia filamu mpya ya daktari aliyeshona vipande vya maiti hadi likaamka zimwi, hakuhangaika kutafuta jina.

"Mnamwona huyo? Ndiye Mbwera!" alibwata kwenye maikrofoni. "Tazama ngozi, kama ukoko wa ugali!"

Watu walivunjika mbavu. Wiki nzima watoto walimzomea Mbwera sokoni wakimwita zimwi, na wateja wakaanza kukwepa mkaa wake.

Ijumaa alasiri, zimwi likiwa limembana daktari ukutani, Mbwera alifunua pazia la mlango akaingia. Hakutafuta pa kukaa. Alipita katikati ya mabenchi hadi mbele, akageuka, akasimama kwenye mwanga wa projekta, na sura ya zimwi ikamkaa usoni barabara. Vicheko vikakatika.

"Kaa chini, unatuzibia!" Kombora alifoka.

"Sikai. Si wewe unayenisemea kila siku? Haya, nisemee na leo." Mbwera alianza kumsogelea, taratibu, picha ikimtambaa kifuani. "Huyu aliyenitengeneza, sasa namfanya nini?"

Benchi zima la mbele liligeuka kumtazama mtafsiri, likingoja. Maikrofoni ilikuwa bado mdomoni mwake, na kutoka kwenye spika zote mbili zilisikika pumzi zake tu, zikizidi kwenda mbio.