Koti la Picha

Shamba zima la kahawa pale Brazili lilikuwa na koti moja jeusi, na kila Mjapani alilivaa kwa heshima zote siku ya kupigwa picha ya kupeleka kwao.

Zamu ya Kumakichi ilipofika, vidole vyake vilikwama kwenye kifungo cha pili, cheupe peke yake kati ya vyeusi. Alikijua. Alishakiona kifuani pa binamu yake, katika picha iliyomfanya auze shamba lake la mpunga na kuja huku.

“Tabasamu, baba watoto,” mkewe akamhimiza. “Mdogo wako akikuona hivi, naye atapanda meli.”

“Picha naikata kiunoni,” mpiga picha akacheka. “Funza wa miguuni mwako hawamo.”

Kumakichi akaupandisha mguu wake uliotobolewa na funza juu ya kiti.

“Rudi nyuma,” akasema. “Na wao waingie.”