Pengo la Shangazi

"Tabasamu mpaka meno yaonekane," simu ikaamuru.

Shangazi, fundi wa magauni ya harusi, akafunika mdomo kwa kiganja, kama kawaida yake tangu jino la mbele ling'oke. Mwizi alikuwa ameteka akaunti yake ya mtandaoni, anawatapeli wateja kwa jina lake, na ili kuirudisha ilibidi simu ihakikishe uso wake.

"Neno lako la siri kaliiba, shangazi," alisema binti wa kaka yake. "Pengo hilo ataliiba wapi?"

Mkono ukashuka. Midomo ikamcheza, kisha kicheko kikamtoka, cha kifua kizima, pengo wazi kama dirisha.

Duara lililozunguka uso wake kwenye simu likageuka kijani. Akaunti imerudi, mwizi yuko nje!

Shangazi akaitazama picha yake ya miaka yote mtandaoni: ua la waridi.

"Toa hilo ua," akasema. "Niweke mimi, na pengo langu."