Wagonjwa Kumi na Wanne

Juu ya ripoti ya dawa mpya ya presha kulikuwa na majina kumi na moja, na la mtakwimu halikuwemo. Miezi minane ya hesabu zake iliishia chini kabisa, kwenye shukrani: "na wote waliotusaidia kwenye kompyuta."

Hakushangaa. Punda afe, mzigo wa bwana ufike. Alivua miwani, akakaza uzi ulioshikilia pale ilipovunjika.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa daktari mkuu, yule aliyemwagiza awafute kwenye orodha wagonjwa kumi na wanne waliozidiwa baada ya kumeza dawa ile. Mtakwimu alikataa, daktari akawafuta mwenyewe.

"Dada yangu, hongera," alisema, akimwekea kikombe cha chai mezani. Miaka sita hajawahi kumletea hata maji. "Tumekaa, tumeona tulikudhulumu. Jina lako tunaliweka la kwanza."

"Lini?"

"Leo hii. Kuna watu wa wizara wanakuja mchana, wanauliza hesabu alifanya nani."

Mtakwimu akavaa miwani yake. Chai akaiacha ipoe. Alivuta droo, akatoa orodha ya kwanza, ile ambayo ndani yake hakuna aliyefutwa.