Mguu wa Kushoto

Honi ya meli ya watalii ililia nikiwa namalizia ua la hina kwenye mguu wa kulia wa mgeni wetu.

Alishuka asubuhi hapa Kilwa Kisiwani kutazama magofu, akasikia vigelegele, akawaacha wenzake. Kesho binti yangu anaolewa, na siku ya hina hatoki mwanamke uani kwangu bila kuchorwa.

"Meli bandari nyingi," alituambia kwa Kiswahili cha kubahatisha. "Lakini kila mahali hodi tu. Kukaa, hapana."

"Mama, boti ya mwisho!" Ridhiwani, anayewatembeza wageni, aliita nje ya ua, begi la mgeni begani. "Maji yamekupwa, itabidi utembee majini kuifuata!"

"Na hina mbichi hii?" nilifoka. "Si itatoka yote!"

Mgeni aliutazama mguu wake. Ua lilikuwa bado limetuna, jeusi, linanukia ndimu. Honi ikalia tena. Nikachukua kitambaa nimfute, roho ikiniuma.

Akanishika mkono.

"Ridhiwani!" aliita. "Meli iende. Lete begi langu."

Ua mzima ukalipuka vigelegele. Yeye akavua kiatu kilichobaki, akaninyooshea mguu wa kushoto.