Amesikilizwa

"Haya, mama, sema. Leo nakusikiliza," alisema ofisa wa nyumba za baraza la jiji, akisukuma kando hukumu ya jaji.

Mbeti alikuwa amekikodolea macho kikombe cha chai cha yule ofisa. Maziwa yalikuwa yameanza kufanya utando.

Kesi alikuwa ameishinda. Jaji alisema ofisa alivunja sheria kwa kumtoa katika nyumba yake ya mtaa wa Umoja bila kumsikiliza kwanza. Akina mama wa kanisa walimpigia vigelegele mpaka nje ya korti. Kisha wakili wake akamweleza polepole kwamba jaji hagawi nyumba; yeye huangalia tu kama sheria ilifuatwa. Ilibidi arudi kwa ofisa yule yule, asikilizwe.

Asubuhi hiyo alikuwa amepitia pale nyumbani, akaona mapazia ya watu wengine dirishani.

Sasa maneno aliyoyaweka moyoni muda wote huo hayakuja. Hata hasira haikuja.

Ofisa aliuondoa utando kwa kijiko, akaupaka kwenye ukingo wa kisahani, akanywa.

"Huna la kusema, mama?"

Mbeti alitikisa kichwa, asijue mwenyewe anajibu nini.

Ofisa akamgeukia karani wake. "Andika: amesikilizwa."