Kisahani Chekundu

Mwanaidi alimwaga tena kitandani visahani vyake vya kurusha. Begi lilikuwa dogo na mashindano ya kurushia visahani vikapuni yalikaribia kuanza. Alipakia cha kufika mbali na cha kulenga karibu. Kilichobaki kilikuwa chekundu, kimeandikwa kwa wino jina la marehemu kaka yake. Alikitia, akakitoa, akakitia tena.

“Unakwenda kukirusha au kukitembeza?” mama yake aliuliza, amesimama mlangoni.

“Kikitumbukia kwenye bwawa la uwanjani je, mama?”

“Kitakuwa kimeruka kwanza.”

Bwawani, wenzake walirusha visahani vikuukuu wasivyovionea uchungu. Ng'ambo ya maji, upepo ulitikisa minyororo ya kunasia visahani kwenye kikapu cha chuma walichokilenga. Mwanaidi alikishika kile chekundu, akakirudisha begini, akakishika tena. Alipovuta mkono nyuma, jasho lilikuwa limeshahamishia wino wa lile jina kidoleni mwake.